Pasi Isiyo na Waya

Umeme ulipokatika saa tatu asubuhi katika kiwanda cha kufulia, wapiga pasi wote waliweka pasi chini isipokuwa mmoja. Mama Kola, aliyepewa jina hilo kwa miaka tisa ya kunyoosha kola za mashati, aliendelea. Pasi yake ilikuwa ya moto kwa kuwa mkono wake ulikuwa wa moto. Wenzake waliutazama mvuke, kisha wakatafuta pa kukaa.

"Shoga, kwani umemeza makaa?" mmoja alimtania.

Msimamizi alikuja, akalowesha kidole kwa mate, akaigusa pasi. Kidole kikalia chwii. Akauchomoa waya ukutani, na tangu siku hiyo akakataza usichomekwe tena.

Kazi ilikwenda kwa kengele. Ililia kila baada ya sekunde arobaini, na ikilia shati liwe limekwisha. Kengele ndiyo iliyoamua Mama Kola anywe maji lini na aende msalani lini.

Mdogo wake, muuguzi wa zahanati, alimpima presha mara mbili. Mia moja tisini na tano kwa mia moja ishirini.

"Dada, watu wa kipimo hiki huletwa kwangu kwa machela."

"Namwomba Mungu."

"Mwombe. Na bosi wako mwombe pia."

Kisha kengele ikaharibika kwa siku nne. Mama Kola alijipangia kazi: mashati mazito asubuhi, mepesi mchana, akaketi alipochoka. Mashati hayakupungua hata moja. Siku ya nne presha ilishuka hadi mia moja thelathini kwa themanini na tano, na pasi ikapoa kama sahani. Alipiga magoti nyuma ya marobota ya nguo, akashukuru. Kisha akachomeka waya kama watu wengine.

Msimamizi aliuona. Kengele ikatengenezwa kabla ya adhuhuri.

"Mkuu, niache nijipangie mwenyewe," Mama Kola alimsihi. "Mashati yatatoka yale yale. Hivi nitakufa."

Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nakuelewa, mama. Lakini ukipoa, umeme nalipa mimi."

Kufikia jioni pasi ilikuwa inafuka mvuke.

Mwezi uliofuata waliletwa wapiga pasi wawili wapya wajifunze kwake. Msimamizi aliuliza mkono huchukua muda gani kushika moto.

"Miaka tisa," alijibu Mama Kola bila kuinua macho, maana shati lilikuwa halijaisha.

Msimamizi akaona ni mingi. Akaagiza kengele ya pili.