Ua Lililoota Kwenye Udongo wa Shemeji

Fundi cherehani alipenda maua ya porini kuliko ya dukani, kwa hiyo shemeji yake, dereva wa lori, alipommwagia udongo mwekundu uani bila kumdai kitu, alimshukuru kweli. Mvua ikanyesha. Mbegu zote alizopanda ziligoma. Ukaota mmea mmoja tu asioujua, ukatanda kitalu kizima.

"Si uung'oe?" mdogo wake alimuuliza, akishika tumbo lake la miezi sita.

"Mgeni hafukuzwi kabla hajataja jina."

Wakacheka. Mmea ukatoa majani membamba yenye manyoya, kisha maua ya zambarau, mazuri ajabu. Fundi akakata kitawi, akampelekea mjomba wao, mwalimu mstaafu wa elimu ya mimea.

Mjomba alikigeuza chini ya kioo cha kukuzia, akalipasua ua kwa ukucha. Uso ukamkunjamana.

"Huu ni wa hapahapa kwetu. Huota, huchanua na kufa mwaka huohuo. Udongo wake mmeutoa wapi, mwanangu?"

"Aliuleta shemeji. Kuna nini?"

"Mmea huu unapenda mabaki ya migodi, penye sumu ya madini ya risasi. Mimea mingine hufa, wenyewe hustawi. Mmepanda mboga humo?"

"Hapana, mjomba. Maua tu."

Fundi alishusha pumzi, kisha akakumbuka. Mimba ilikuwa imemtia mdogo wake hamu ya udongo. Kila asubuhi alichota kidogo kitaluni akaramba, nao wakamtania kwamba atazaa kichuguu.

Hospitalini walimtoa damu. Majibu yalipokuja, daktari alivuta kiti akakaa kabla ya kusema: sumu imeingia, dawa ataanza leo, lakini kuhusu mtoto hawezi kuahidi kitu.

"Mbona anacheza vizuri tu," alisema mdogo mtu.

Shemeji alifika na buti zake za kazini, akasimama kwenye korido kama aliyeitwa polisi.

"Uliuchota wapi?" fundi alimuuliza.

"Mgodi wa zamani. Kila mtu anachota pale, shemeji. Sikujua."

"Ulimwaga wapi kwingine?"

"Shule ya chekechea," alisema. "Walitaka kusawazisha uwanja wa watoto. Lori zima."

Fundi akampigia mwalimu mkuu palepale. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena.