Maumivu Yasiyo ya Kocha Tillery

Jumatatu ya kwanza ya Agosti, saa kumi na mbili na robo asubuhi, Kocha Royce Tillery alikuwa ofisini kwake katika Chuo cha Dunmire akihangaika na droo ambayo kocha aliyemtangulia alikuwa ameifunga na kuondoka na ufunguo wake. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mmoja. Miaka thelathini na minne alikuwa ameitumia kufundisha futiboli, ile ya kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai, katika vyuo saba, na viwili vya mwisho vilimfukuza. Dunmire ni mji mdogo wa Oklahoma wenye makanisa kumi na moja na taa moja ya kuongozea magari. Alijua kwamba baada ya hapa hakuna chuo kingine kitakachompigia simu.

Dwight Haskew, tabibu wa timu, aliingia bila kubisha hodi akaweka karatasi mezani.

"Ripoti ya majeruhi, Kocha."

Karatasi ilikuwa na tarehe juu na sahihi ya daktari chini. Katikati hapakuwa na neno.

"Tuna wachezaji wangapi?" Tillery aliuliza.

"Themanini na wanane."

"Wamegongana wiki nzima kwenye jua hili, na hakuna hata mmoja aliyeteguka kidole?"

"Watoto wetu wagumu, Kocha. Wamekulia mashambani."

Tillery alimtazama mpaka alipotoka. Hakuwa mtu wa kuamini watu haraka. Aliwahi kuibiwa ishara zake zote za mchezo na mtu aliyekaa jukwaani amevaa kama padri, na tangu siku hiyo alimwamini mkewe Glenda na, siku nyingine, yeye mwenyewe.

Kesho yake aliamka na kifundo cha mguu wa kushoto kimevimba ukubwa wa kitunguu. Glenda, aliyekuwa muuguzi wa shule kwa miaka ishirini, alikibonyeza kwa vidole viwili.

"Umejitegua wapi?"

"Kitandani."

"Kitandani hapategui watu, Royce," alisema, akakifunga bendeji.

Uwanjani, Tillery aliona kijana mmoja mkimbiaji, Cody Wirth, akikata kona vizuri upande wa kulia na vibaya upande wa kushoto. Akamwita, akamvua soksi. Ndani yake palikuwa na kifundo kilichovimba ukubwa wa kitunguu.

"Tangu lini?"

"Juzi jioni, Kocha. Tafadhali usimwambie mtu."

Alimpumzisha siku nne. Siku ya tano miguu ya wote wawili ilikuwa imepona. Tillery hakushangaa sana. Alikuwa amekaa kwenye mchezo huu muda wa kutosha kujua kwamba maumivu yakifichwa hayaishi, yanatafuta pa kukaa.

Baada ya hapo yalikuja kila asubuhi. Kidole cha kati, mkono wa kulia. Ubavu wa tatu. Goti. Glenda alimsimamisha jikoni amevaa kaptula, akamkagua kuanzia kisogoni hadi unyayoni, akaandika nyuma ya kalenda ya kanisa. Wachezaji nao walielewa upesi. Ufadhili wao wa masomo uliongezwa mwaka hadi mwaka, na aliyevunjika hakuongezewa, kwa hiyo kocha aliposhuka kwenye pikapu yake, vijana themanini na wanane walitazama miguu yake kwa jicho la pembeni.

"Leo anachechemea kulia."

"Kulia ni nani?"

"Si mimi, haki ya Mungu."

"We Hutch, mbona jasho linakutoka na hatujaanza hata kukimbia?"

"Jitazame mwenyewe, bwana. Jana ulikuwa unashuka ngazi kinyumenyume kama bibi yangu."

Connie Ratliff, mkurugenzi wa michezo, alipopata habari alizipokea vizuri. Alisema ni jambo la kupongezwa chuo kuwa na taarifa za uhakika namna hiyo, akaagiza Haskew awe anafika jikoni kwa Tillery kila siku saa kumi na mbili asubuhi. Haskew alikuja, akanywa kahawa, akamkagua kocha, akanakili. Ila ubavu wa tatu haukupona. Wiki ikapita, ya pili, ya nne, na Tillery bado alikuwa akilala amekaa. Ndipo alipogundua kwamba vijana waliojulikana kupitia maumivu yake hawapumzishwi. Haskew alikuwa akiwachoma sindano ya ganzi mahali palepale alipoonyeshwa na mwili wa kocha, nao walikuwa wakirudi uwanjani wakicheka.

"Hivi ndivyo mlivyofanya na yule aliyenitangulia?" Tillery alimuuliza.

"Yule mwishoni alikuwa haamki kitandani," Haskew alisema. "Tukawa tunamfuata hukohuko."

"Mliniambia alitaka kukaa karibu na wajukuu."

"Wajukuu walikuja kumwona, ndiyo."

Tillery alikasirika siku mbili. Lakini timu ilikuwa imecheza mechi sita na kushinda sita, kitu ambacho hakikuonekana Dunmire kwa miaka mingi, na watu walikuwa wakimsimamisha dukani kumshika mkono. Aliendelea kutia sahihi orodha za wachezaji.

Alhamisi moja ya Oktoba aliingia jikoni akamkuta mwanamke anakaanga mayai.

"Samahani, mama," alisema kwa adabu. "Hapa ni kwa nani?"

Glenda alipunguza moto. "Ni kwako. Kaa."

Alikaa. Mwanga wa dirishani ulimuumiza, akaweka kiganja machoni. Haskew alipofika alimsomea maneno matano, ndoo, limau, ngazi, tai, pamba, akamwambia ayarudie. Kocha alikumbuka limau.

"Kuna kijana ameumia kichwa," Glenda alisema.

"Haiwezekani, mama. Jana niliwapima wote. Wote walipata matano kwa matano."

"Kwa maneno haya haya?"

"Ndiyo."

"Umeyatumia tangu lini?"

Haskew alifikiri. "Huu mwaka wa kumi na tisa."

Vijana waliyajua maneno hayo kama wanavyojua sala ya kabla ya chakula. Wakubwa waliwafundisha wadogo siku ya kwanza, pamoja na mahali pa kuweka taulo.

Haskew alipoondoka, kocha alinyoosha mkono. "Renita, nipe chumvi."

Glenda alimpa chumvi. Katika miaka thelathini na saba ya ndoa alikuwa amehama naye miji saba, amezaa mtoto wa pili peke yake siku ya fainali, na hayo yote aliyavumilia, lakini hakuwa ameolewa ili avumilie Renita. Alipekua simu ya mumewe. Alipekua mifuko ya makoti, kisha pikapu, chini ya viti na nyuma ya viti. Kwenye kisanduku cha dashibodi alikuta kijitabu cha mechi kinachouzwa uwanjani, chenye picha za wachezaji na majina ya wazazi wao. Akakisoma ukurasa kwa ukurasa, kwa sababu alitaka kuwa na uhakika. Kwenye ukurasa wa kumi na tisa paliandikwa: Dontrell Mayhue, mlinzi wa kati, mwaka wa nne, mwana wa Renita Mayhue wa Idabel.

Alicheka peke yake ndani ya gari. Halafu akaacha kucheka, akaenda kumchukua mumewe.

Walimwita Mayhue kutoka mazoezini, wakaongea naye kupitia dirisha la pikapu. Alikuwa kijana mpana, mpole, amebeba kofia yake kwapani.

"Dontrell, mwanangu," Glenda alisema, "leo ni siku gani?"

"Mama Tillery, niko fiti kabisa."

"Sijakuuliza hivyo."

Kijana alitazama mawingu. "Siku ya mazoezi."

"Uligongwa lini?" kocha aliuliza.

"Sijagongwa, Kocha. Jumanne kulikuwa na kelele kidogo tu kichwani, zikaisha." Akainama dirishani. "Kocha, sikiliza. Keshokutwa wanakuja watu wawili wa timu za kulipwa. Wanakuja kunitazama mimi. Mama yangu anakata kuku kiwandani tangu sijazaliwa, vidole vyake haviwezi hata kufunga kifungo. Miaka minne nimesubiri Jumamosi hii. Usinifanyie hivi."

"Huchezi."

"Kocha, nakuomba."

"Huchezi, Dontrell. Kaweke kofia, ukalale gizani."

Kijana alikunja uso. "Wewe unajuaje ni mimi?" alisema. "Labda ni kichwa chako mwenyewe."

Jioni hiyo Connie Ratliff alisema maneno hayohayo, ila kwa utaratibu zaidi. Alikaa kwenye kochi la Tillery bila kuvua koti.

"Daktari amesaini kwamba Mayhue ni mzima," alisema. "Wewe ushahidi wako ni upi, Royce? Kwamba umesahau jina la mkeo? Una miaka sitini na mmoja. Watu wa umri huo husahau. Tukisema ni kichwa cha kijana, daktari anapinga. Tukisema ni chako, itabidi Jumatatu tuzungumze juu ya mkataba wako. Mimi napenda tusiseme chochote."

Tillery hakumkumbuka vizuri mwanamke huyu, lakini alijua aina yake. "Hachezi," alisema.

Ijumaa kutwa alisema hivyohivyo, kwa kila aliyempigia, na walikuwa wengi. Jumamosi asubuhi Glenda, aliyekuwa ameona jinsi kila siku inavyokula kumbukumbu zake kidogo zaidi, alichukua kalamu akaandika kwenye kiganja cha kushoto cha mumewe, kwa herufi kubwa: MAYHUE ASICHEZE. Akampeleka uwanjani. Mlangoni pa chumba cha kubadilishia nguo bawabu alimwambia kwa heshima kwamba wake za makocha wanakaa jukwaani.

Kocha alikuwa na hali mbaya kuliko Alhamisi. Mchezo aliukumbuka wote, umbali, pembe na saa. Watu ndio hawakuwemo. Alitembea kati ya vijana akiwagonga mabegani bila kujua wa nani ni nani, akaingia kwenye kijichumba chake, akafungua kiganja.

Maandishi yalikuwapo. Hayakuwa mwandiko wake.

Aliyasoma mara tatu, akafunga mlango. Haskew alikuwa amesimama humo ndani na orodha ya wachezaji wa kuanza.

"Mayhue ni nani?" kocha aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mlinzi wetu bora, Kocha."

"Nani angetaka asicheze leo?"

Haskew hakuwa mwongo. Alizoea kujibu swali aliloulizwa, basi. "Wale wa upande wa pili," alisema. "Wangefurahi sana."

Tillery alitikisa kichwa polepole. Alimkumbuka yule padri wa jukwaani, kola yake nyeupe, daftari lake dogo. Sasa walikuwa wamefika mpaka kwenye ngozi ya mwili wake. Alilamba kidole gumba, akakisugua kiganja mpaka kikawa chekundu, akatia sahihi kwenye orodha.

Mayhue alicheza vizuri kuliko siku zote. Wale watu wawili waliandika bila kuinua vichwa. Kwenye robo ya tatu ya mchezo alikutana na mkimbiaji wa wapinzani wao, Tulsa, kofia kwa kofia, na uwanja mzima ulisikia. Alisimama, akapiga makofi. Pembeni mwa uwanja Kocha Tillery alikaa chini kwenye nyasi, akavua kofia yake, akamuuliza aliyekuwa karibu huu ni mji gani. Glenda alikuwa tayari anashuka jukwaani, akisukuma watu. Mayhue aliendelea kucheza mpira ulipoanzishwa mara tano nyingine. Mara ya sita alijipanga na wachezaji wa upande wa pili, akasimama nao kwa utulivu akisubiri mpira, mpaka mwamuzi alipomshika mkono akamtoa.

Dunmire walishinda, ishirini na nne kwa kumi na saba. Magari yalipiga honi mji mzima.

Jumapili Renita Mayhue alifika kwenye zahanati, baada ya kuendesha gari saa nne, bado amevaa mabuti ya kiwandani. Mwanawe na kocha walikuwa wamelazwa chumba kimoja.

"Dontrell," aliita kutoka mlangoni.

Kijana aliinua kichwa. Alikuwa amelelewa vizuri. "Habari yako, mama," alisema. "Unamtafuta nani?"

Kwenye kitanda cha pili kocha alijiinua kwa viwiko.

"Mama," alisema. "Umekuja bila koti, na kifua chako kile?"

Renita alimtazama yule mzee, akamtazama mwanawe, akamtazama tena yule mzee. Glenda aliinuka kwenye kiti kilichokuwa kando ya mumewe, akampisha.

Chuo kilimwongezea Kocha Tillery mkataba wa miaka miwili. Connie Ratliff alieleza kwamba anaukumbuka mchezo wote na hakumbuki watu, na kwa kazi hiyo si kasoro kubwa. Dontrell Mayhue aliandikwa kuwa ameacha masomo kwa sababu za kifamilia. Nafasi yake alipewa kijana wa mwaka wa pili, na Jumatano kocha aliamka na bega la kulia limetoka mahali pake. Haskew alikuja saa kumi na mbili, akanywa kahawa, akaandika. Jumamosi kijana alicheza.

Renita alihamia Dunmire, akapata kazi jikoni kwenye shule ya msingi. Kila Jumapili baada ya ibada anakuja na Dontrell kwa akina Tillery. Anakaa karibu na kocha, na kocha anamhadithia: siku Renita alipomfundisha kuendesha baiskeli kando ya reli, nyoka aliyeingia kwenye ndoo ya nguo, usiku wa kimbunga walipolala wote wawili ndani ya beseni la kuogea. Renita anamrekebisha hapa na pale, na mara nyingine anamwomba arudie, kwa sauti kubwa kidogo, ili isikike mpaka kwenye sinki, ambako Dontrell anamsaidia Glenda kukausha vyombo.

"Mzee huyu anampenda sana mama yake," Dontrell alimnong'oneza siku moja.

"Sana," Glenda alisema, akampa sahani nyingine.