Mlezi Aliyevaa Namba Kumi na Moja

Sina ugomvi na Mama Loveness. Nimekula wali wake miezi mitatu, na nyama juu, nitaanzaje kumsema? Timu ya taifa ya kikapu ya wanawake ilipokosa pa kuweka kambi, yeye ndiye aliyetuita Geita na kutupa vyumba katika nyumba yake ya wageni. Tukampa cheo cha mlezi wa timu. Na mlezi ana haki ya kusafiri na watoto wake. Shida ni kwamba tiketi za viongozi za kwenda kwenye mechi za kufuzu zilikuwa zimeisha, maana viongozi wetu huwa hawabaki nyumbani, na za wachezaji zilikuwa nane tu.

Kocha Thobias aliniita pembeni.

"Lusia, tumemwandikisha mlezi kama mchezaji. Ni karatasi tu. Amechukua nafasi yako."

"Na jezi?"

"Na jezi."

Mama yangu kule Samuye alikuwa ameshatangaza kanisani. Nililia, sifichi. Kocha akaniahidi kwamba timu ikishinda mechi moja tu itafuzu fainali za Afrika, na huko jina langu litakuwa la kwanza kuandikwa. Mama Loveness naye akanionea huruma, akanipa kazi ya kusimamia karasha lake, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, mpaka atakaporudi.

Mechi mbili tukafungwa. Ya mwisho, dhidi ya wenyeji, niliiangalia pale pale kwenye vumbi, simu nimeiegemeza kwenye kiroba cha mawe, Makoye mwendesha mashine akichungulia begani kwangu. Wetu walikomaa kweli. Kisha mambo yakaanza kuharibika. Salome, faulo tano, nje. Paskalina, faulo tano, nje. Mageni akateguka mguu. Saba kutoa watatu ni wanne. Refa akaangalia benchi letu, akamnyooshea kidole mlezi.

Mama Loveness ana miaka hamsini na miwili. Alikuwa na kilemba kichwani na pochi mapajani, anakataa kwa kichwa. Refa hakutaka kusikia. Kocha akampokea pochi.

"Huyo si bosi?" Makoye akauliza, akazima mashine.

Bosi alikwenda kusimama chini ya kikapu cha wapinzani, kwa sababu aliona huko hakuna fujo, akatulia kama anasubiri basi. Hamsini na moja kwa hamsini na moja, sekunde sita zimebaki, mpira ukapotea njia ukamwangukia kifuani. Akaukumbatia. Dada mmoja wa wenyeji akamvaa mzima mzima, wakaenda chini wote. Faulo. Mitupo miwili ya bure.

Nilisali, jamani. Nilimwombea mtu aliyevaa namba yangu apate. Wa kwanza haukugusa hata chuma. Wa pili aliurusha kutoka chini kwa mikono miwili, macho amefumba, ukagonga ubao, ukazunguka, ukaingia, na sekunde zilizobaki zikaisha. Mimi na Makoye tulirukaruka mpaka vumbi likatupalia. Nilijua nimefuzu mimi.

Walirudi Jumapili, wakapokelewa kwa matarumbeta. Jezi alikuwa bado hajaivua.

"Shikamoo, mlezi. Hongera."

"Marahaba, mwanangu." Akanivuta kando. "Watu wananipigia simu mpaka kutoka Isaka, wanataka kuniona fainali. Siwezi kuwaangusha. Kocha amekubali, na kambi ni hapa hapa kwangu." Akaniwekea mpira mikononi. "Wewe ndiye unayeujua. Nifundishe."

Nikamtafuta kocha kwa macho. Alikuwa anakula.

Hii ni wiki ya tatu. Tunaanza saa kumi na mbili asubuhi, mimi na yeye tu. Nilidhani atachoka siku ya pili, na kusema kweli nilimkimbiza kwa makusudi mpaka akatapika. Akanawa uso, akarudi. Jana, katika mitupo kumi, alifunga saba.

Mimi nilifunga sita.