Akianza Manjano

Dada mtu alipofungua mlango alimkuta wifi yake akimnywesha kaka maji ya manjano yaliyosagwa. Kikombe mdomoni, kitambaa kidevuni, na lile jibaba la miaka arobaini limetulia tuli, utadhani halina mikono.

"Umemwona kakako?" wifi akaringa. "Juzijuzi tu alikuwa anatapika mpaka maji. Leo kamaliza sahani mbili!"

"Huyu ndiye hospitali yangu," kaka akadakia, akimpapasa mkewe bega.

Dada mtu akacheka kwa meno tu. Aliyekiona kifua kikuu kwenye makohozi ya kaka ni nani? Si yeye, kwa macho yake, huko maabara anakofanya kazi? Aliyemkokota mpaka kwa daktari akaanzishiwa dawa ni nani? Leo shukrani zote zimekwenda kwa kikombe.

"Na vidonge anameza?"

"Nilisimamisha. Si uliniandikia mwenyewe?"

Wifi akamwonyesha simu. Ujumbe wa siku kumi na mbili nyuma: *Daktari kasema akianza manjano simamisha vidonge.*

Dada mtu akausoma mara mbili. Daktari alisema macho, si kikombe! Macho yakianza manjano, ujue vidonge vinaliumiza ini. Avisimamishe, aletwe siku hiyohiyo. Ila siku ile alikuwa kamnunia wifi, akambania maneno.

Asubuhi akawaburuta wote wawili hospitali, akampima kaka damu mwenyewe. Ini lilikuwa limeumia kweli, sasa linapoa.

"Kilichomsaidia ni kusimamisha vidonge," daktari akamwambia dada mtu. "Tutavirudisha kimoja kimoja, huku tunampima. Akikaa bila dawa, kifua kitammaliza."

"Na manjano?"

"Kwa panya yamewahi kusaidia nyongo itiririke. Kakako ana mkia? Ayaache kwanza. Wapo ambao hayohayo yamewaharibia ini."

Kaka, kule kitandani, akagoma kabisa. "Simezi! Mke wangu kanitibu."

"Kaka, ni mimi niliyekosea ujumbe. Bila kosa hilo vidonge visingesimama..."

"Unaona? Hata ukikosea wewe, mke wangu anapatia!"

Dada mtu akatamani kumtia kibao, mgonjwa hivyohivyo. Akamvuta wifi ukumbini.

"Wifi, nilikununia, nikaandika nusu. Nisamehe. Mwambie wewe ameze, mimi hanisikii."

"Ulininunia kwa lipi?"

Dada mtu akatazama sakafu. Kisha, kwa sauti ndogo: "Nilikukuta unamkata kucha. Tangu mama afariki, kucha zake nakata mimi."

Wifi akaangua kicheko mpaka akashika ukuta. "Jamani wifi! Kucha? Kuanzia leo chukua za miguuni, zinanitisha hata mimi." Akafuta machozi, akaingia ndani.

Dada mtu akategea sikio mlangoni.

"Baba, utameza. Na manjano nayaficha."

"Sawa, mpenzi."

Mara moja! Bila hata kubisha! Dada mtu akashukuru Mungu, akasaga meno, akashukuru tena.