Tairi la Kushoto

Marubani wenzake walimpachika jina la Bubu, kwa kuwa redioni alisema yanayotakiwa tu, kisha akanyamaza. Tangu mkewe afariki, miaka mitatu sasa, hata nyumbani hakuwa na wa kusema naye. Kila Jumanne alirusha ndege ndogo ya injini moja, yeye na maboksi ya dawa, hadi kiwanja cha vumbi kilichokuwa mbali na makazi ya watu.

Jumanne hiyo upepo ulivuma kutoka ubavuni. Aliishusha ndege vizuri, magurudumu yakagusa ardhi, ndipo tairi la kushoto likapasuka. Ndege ikavuta kushoto. Akakanyaga pedali ya kulia kwa nguvu zake zote, wapi! Ikaacha njia, ikapasua nyasi, gurudumu la mbele likatumbukia mtaroni. Propela ikachimba udongo, injini ikazima.

Akafunga mafuta, akazima umeme, akabaki ameketi.

"Wewe baba, unangoja nini humo? Toka, isije ikalipuka!"

Alikuwa mama mfyeka nyasi wa kiwanja, anahema, fyekeo mkononi. Akamvuta mpaka mbali, akampapasa kichwa na mbavu kama anayenunua mbuzi.

"Huna hata mchubuko. Mshukuru Mungu."

Bubu akampigia bosi wake.

"Propela imepinda?" bosi akauliza. "Na bawa je? Usiguse kitu, wakaguzi wanakuja." Akakata simu.

Mama akamtazama. "Huyo hajakuuliza kama u mzima."

"Ana mambo mengi."

"Haya. Na nyumbani umewaambia?"

"Nyumbani hakuna mtu, mama."

"Hata ndugu?"

Alikuwa na dada yake mkubwa. Hawakugombana; tangu mazishi kila mmoja alimngoja mwenzake apige, siku zikaenda. Akalitafuta jina lake, akasita, akabonyeza.

"Dada, ndege imetoka nje ya njia."

"Njia gani? Umepotea?"

"Sijapotea. Nilikuwa natua, nikaingia mtaroni."

Akasikia sufuria ikidondoka. "Mdogo wangu! Miaka yote hii umeninyamazia, unanipigia ukiwa mtaroni?"

Akacheka, mara kicheko kikageuka kilio. Mama mfyeka nyasi akampa mgongo, akajifanya anatazama upepo.

Wakaguzi walipima michirizi ya matairi, wakaandika kwamba tairi lilikuwa limechakaa. Bubu hakulaumiwa, ila alikaa miezi miwili bila kuruka. Dada yake alikuja, akakaa siku nne. Alifua mapazia, akamgombeza kwa kulala kwenye kochi, akamsimulia vituko vya marehemu ambavyo yeye hakuwahi kuvisikia.

Siku ya tano Bubu alimsindikiza kituoni. Aliporudi, nyumba ilimpwaya kama shati la kuazima. Akafungua madirisha yote, akaketi jikoni kwenye kiti cha mkewe.

"Dada ameondoka," akasema kwa sauti, akangoja kidogo, kisha akainuka kuosha kikombe kimoja.