Udongo wa Mama Hamza

Lukresia alibakiwa na jaribio moja tu. Tanuri lake likiziba tena, Mzee Akida angerudisha mashine yake ya kusaga mawe ya dhahabu pale Segese kwenye dizeli. Tanuri liligeuza makaa ya mawe kuwa gesi ya kuendesha injini, lakini majivu yaliyeyuka na kuganda kama jiwe.

Mara mbili alichanganya chokaa na makaa, maana kwa wachenjuaji wa dhahabu chokaa ndiyo dawa ya kila kitu. Majivu yakazidi kuyeyuka.

"Shikamoo, Mama Hamza."

"Marahaba. Mbona umenuna, mhandisi?" aliuliza muuza udongo mweupe, ule wanaoutafuna wajawazito.

Lukresia akalitazama sinia lake. "Mama, huu ukiuoka hauyeyuki?"

"Uyeyuke ni siagi? Unakauka tu."

"Basi nipe wote."

"Wee! Mapacha hao?"

Lukresia alicheka mpaka machozi yakamlenga, akaenda kuusaga na kuuchanganya na makaa.

Alasiri, tanuri likiwa limewaka kwa saa kadhaa, alifungua mlango wa majivu. Yakamwagika makavu, laini kama unga wa muhogo.

Mzee Akida aliyachota kiganjani, akayapuliza. "Dizeli tuisubirishe kwanza," akasema.