Mafuta ya Dume Mwekundu

Kabagwira alizima jiko, akafungua dirisha, kisha akatoka nje kutema mate kwenye majani. Harufu ilimfuata hadi huko. Ilikuwa ya mkojo uliokaukia kwenye nguo, imechanganyika na kwapa, na juu yake utamu wa sukari na moshi. Huo utamu ndio uliomfanya atake kutapika.

Mumewe, Mutabazi, alikuwa bado mezani anatafuna. Alisema hatimaye wamepata bekoni ya kweli.

Wote wawili walikulia Karagwe, wakarudi Rwanda wakiwa watu wazima. Nyumbani kwao Gahanga walifuga nguruwe na kukausha nyama ya ubavu kwa chumvi, sukari na moshi. Zamani walitumia nguruwe weupe, lakini nyama yao ilimwaga maji mengi kwenye chumvi, na ikifika kikaangoni ilisinyaa na kutoa povu. Wateja wakalalamika. Mutabazi akaleta wekundu, aina ya Duroki. Kwa macho nyama yao ilipendeza: imeiva rangi, imeshikamana, mafuta yamepita katikati kama nyuzi. Madume hakuwahasi, maana aliambiwa wakiachwa hivyo hukua haraka.

Kabagwira alipomweleza juu ya harufu, Mutabazi aliinama akanusa, akasema hasikii kitu. Mara akauliza kama ana mimba. Baadaye akasema ni wivu tu, anawachukia wale nguruwe kwa sababu walinunuliwa bila yeye kuulizwa. Na ni kweli Kabagwira hakuulizwa.

Lakini kila alipoishika ile nyama vidole vilinuka hadi kesho yake, na limau halikusaidia. Mafuta yake yakimrukia mkononi alijisugua hadi ngozi ikawasha. Kitandani alimpa mumewe mgongo, kwani harufu ilikuwa kwenye ndevu zake. Akaanza kuamini pua yake ina ugonjwa.

Binti yao Shimwa alipopata komunyo ya kwanza, Mutabazi aliwakaangia wageni bekoni uani. Mama mzazi wa Mutabazi alikula, akaomba tena. Pembeni yake shangazi Nyiraneza alitema kipande kwenye kitambaa na kukikunja taratibu. Jean-Berchmans, kaka wa Mutabazi, alimaliza sahani yake na ya jirani yake, huku jirani huyo akiwa ameziba pua. Waliokuwa wakilamba vidole na waliosukuma sahani walitazamana kwa mshangao, kila upande ukidhani mwingine una kasoro.

Ihirwe, binamu yake Kabagwira, daktari wa mifugo anayekaa Kabeza, aliuliza kama madume walihasiwa. Alipojibiwa hapana, aliweka uma chini. Akaeleza kwamba harufu ya dume hukaa ndani ya mafuta, na joto la kikaango huitoa. Wekundu huwa nayo zaidi kuliko weupe. Na wapo watu, alisema, ambao pua zao haziisikii kabisa.

Mutabazi alisimama na koleo mkononi. "Mama Shimwa, siku zote hizi ulikuwa unasikia nini?"

"Choo," alijibu. "Nilikuwa nalala na choo, Baba Shimwa. Nawe ukaniambia ni wivu."



Bekoni ikazikwa nyuma ya migomba, na Ihirwe akaja kuwahasi madume wadogo wa uzao uliofuata. Hata hivyo Mutabazi alikuwa ameficha kipande. Asubuhi moja Kabagwira alimkuta nyuma ya nyumba, amechuchumaa na mama yake kando ya jiko la mkaa, wanakula kwa mikono, midomo inang'aa mafuta. Alimtazama mtu aliyezaa naye, akaona mdomo tu unaotafuna.

Mutabazi alimwona, akainuka kumsalimu. Kabagwira akageuza uso.

"Piga mswaki kwanza. Na ndevu uzioshe."

Alikwenda bombani bila kubisha. Kabagwira alibaki ameziba pua kwa khanga, akisikiliza maji yakimwagika kwa muda mrefu.